Tuhesabu mikoko iliyokua, si miche iliyopandwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe hoja kuhusu namna tunavyopanda mikoko katika mwambao wetu. Kila inapofika Siku ya Kimataifa ya Mikoko, tarehe 26 Julai, habari zinazochapishwa hufanana: idadi ya miche iliyopandwa asubuhi moja, vyeo vya wageni waliohudhuria, na picha ya watu waliokunja suruali wakiwa wamesimama kwenye tope. Sina ugomvi na nia yao. Ninachohoji ni kwamba mche unaopandwa mara nyingi ni wa aina moja tu kati ya miti mingi iitwayo mikoko, yaani mkoko wenyewe, na mara nyingi hupandwa mahali ambapo mkoko haukuwahi kuota.

Sababu ya kuuchagua haihitaji utafiti. Mbegu ya mkoko huchipua ikiwa bado juu ya mti mama, hurefuka na kuning'inia, na anayetaka kupanda huhitaji tu kuiokota na kuichomeka topeni. Mlilana, aina nyingine ya mikoko, una mbegu ndogo mno zilizofichwa ndani ya tunda, na kuziotesha kunataka kitalu na subira. Mahali pa kupanda nako huchaguliwa kwa wepesi uleule, kwa kuwa tope lililo wazi mbele ya msitu, upande wa bahari, halina mkulima wa kulidai wala kesi ya ardhi.

Lakini miti tunayoijumlisha kwa jina la mikoko ni ya aina mbalimbali, na kila aina ina mahali pake kwa kadiri ya maji na chumvi inavyoweza kustahimili. Mlilana hutangulia mbele kabisa kuyakabili mawimbi, mizizi yake ya hewa ikichomoza topeni ikiwa minene chini na myembamba juu. Nyuma yake, na kandokando ya hori, ndipo mkoko unapotawala kwa mizizi inayoshuka kutoka shinani na kutanda pande zote. Kisha hufuata msinzi, ambao mizizi yake imepinda magoti, na mkandaa, ambao nguzo zake wajenzi wanazifahamu vizuri. Juu zaidi, ambako maji hufika wakati wa bamvua tu, yaani maji makuu, na jua huacha chumvi juu ya udongo, utakuta kikandaa na mchu uliodumaa. Mchu hutoa chumvi kupitia majani yake, na wakati wa kiangazi anayelamba jani ataionja. Pale ambapo maji ya mto huchanganyika na ya bahari husimama msikundazi na mkomafi, na ukizidi kuingia bara, kwenye kingo za mito na vinamasi vya maji baridi, huanza mtomondo.

Mpangilio huo hutokana na hewa. Tope la mikoko halina hewa ndani yake, kwa hiyo mizizi hupumua kupitia vitundu vidogo wakati maji yamekupwa. Mche uliochomekwa chini ya usawa wa wastani wa bahari hufunikwa kwa saa nyingi mno kila siku, viumbe wenye magamba huganda kwenye shina lake, na mawimbi humalizia kazi. Hata ukibahatika kuishi, unakuwa umechukua uwanda wa tope au wa majani ya bahari ambako wanawake huokota chaza na ndege wahamiaji hujilisha, nasi tutakuwa tumeharibu ardhioevu moja kwa jina la kuokoa nyingine.

Yaliyotokea kwingine yangetutosha. Baada ya tsunami ya mwaka 2004, fedha nyingi zilimiminika Sri Lanka kwa ajili ya kupanda mikoko. Watafiti walipokuja kukagua maeneo 23 yaliyopandwa, katika maeneo 9 hawakukuta hata mche mmoja uliobaki hai. Karibu nasi zaidi, Gazi katika Kaunti ya Kwale nchini Kenya imeonyesha kwamba kupanda si kosa iwapo kunafanywa mahali panapostahili: upandaji ulioanza huko miaka ya 1990 ulielekezwa kwenye maeneo yaliyowahi kuwa msitu kisha yakakatwa, na jamii ikashirikishwa kuyalinda. Mradi wao wa Mikoko Pamoja, ulioanza kuuza hewa ukaa mwaka 2013, yaani kulipwa kwa kaboni inayohifadhiwa na msitu, unahusu hekta 117 tu, ambazo ni kidogo ukilinganisha na tulizo nazo huku delta ya Rufiji, lakini mapato yake yamepeleka maji na vifaa vya shule kijijini. Ikumbukwe pia kwamba sehemu kubwa ya hewa ukaa hiyo imehifadhiwa ndani ya tope, si ndani ya mti; kwa hiyo msitu mkongwe ukifyekwa na tope lake kufukuliwa, miche ya leo haiwezi kufidia hasara hiyo katika umri wetu.

Hilo linanirudisha kwetu Rufiji. Delta yetu ina takribani hekta 50,000 za mikoko, na tangu mwaka 2004 imo katika eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa lililoorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar, mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhioevu. Thamani yake haikugunduliwa juzi. Kwa karne nyingi boriti zilipakiwa majahazini kwenda Uarabuni, na upana wa vyumba vya nyumba za zamani za Lamu na Unguja ulipimwa kwa urefu wa boriti hizo. Wajerumani waliitangaza misitu hii kuwa hifadhi mwaka 1898, huku wakisafirisha magome yake kwa ajili ya kusindikia ngozi za wanyama. Baadaye, katika vita vya kwanza vya dunia, manowari yao Königsberg ilijificha humuhumu kwa miezi hadi ilipoangamizwa Julai 1915. Leo kambamiti wachanga hukulia katika hori hizi kabla ya kwenda baharini, na mvuvi wa Nyamisati hahitaji semina ya kuelezwa uhusiano huo.

Kinachoipunguza mikoko ya delta hakiwezi kutibiwa kwa miche ya asubuhi moja. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 maji mengi ya mto yalihamia matawi ya kaskazini, chumvi ikapungua, mpunga ukakubali, na wakulima wakafyeka. Baada ya misimu michache magugu na kaa huwashinda, nao huhamia kipande kingine na kuacha nyuma shamba ambalo mimea inayotambaa hulifunika kabla msitu haujarudi. Huko, kwenye mashamba yaliyoachwa, ndiko urejeshaji unakohitajika, na huko ndiko wapandaji wasikoenda, kwa sababu kunahitaji mazungumzo marefu na watu wanaotegemea ardhi hiyo kwa chakula. Siwalaumu wakulima. Nawalaumu wanaoona ni rahisi kupanda baharini kuliko kuketi na kijiji.

Kuna suala la maji pia. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuzalisha umeme mwaka 2024. Siupingi umeme huo, kwani hata sisi tunautumia; ila bwawa lolote hushika mchanga na tope ambavyo mto ungevishusha kujenga delta, na hubadilisha majira na nguvu za mafuriko. Ratiba ya kuachia maji ni suala la mikoko sawa na lilivyo la mitambo, na ingefaa wananchi wa delta waielezwe kwa wakati. Kwenye maeneo mengine ya pwani kazi ni nyepesi zaidi: kingo za mashamba ya chumvi yaliyoachwa zikibomolewa na maji ya bahari kuruhusiwa kuingia na kutoka, mbegu huletwa na maji yenyewe, kila aina ikashika pale panapoifaa, bila mtu kuchomeka chochote.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Waandishi wako wanapotumwa kwenye hafla ya upandaji, waulize ni aina gani inapandwa, mahali hapo palikuwa na nini kabla yake, maji hupafunika kwa saa ngapi, na nani amepewa jukumu la kurudi baada ya bamvua ya kwanza. Kisha mwandishi yuleyule apangiwe kwenda palepale baada ya miaka mitatu, ahesabu miti iliyosimama, na hesabu hiyo ipewe ukurasa uleule uliopewa sherehe.

Wasalaam,
Mkazi wa Kibiti, Mkoa wa Pwani