Kumbukumbu za Sachangwan, na lile suala la orodha

Makomredi wa Njoro, kampasi yetu ya Egerton, habari za jioni.

Jana niliomba kila mmoja aandike anachokumbuka kuhusu moto wa lori la mafuta pale Sachangwan. Tulipata jumbe tatu tu. Kisha mtu akatupia orodha ya vyuo bora, na hadi saa sita usiku ilikuwa Egerton na Maseno, Maseno na Egerton. Jamani!

Ilikuwa Jumamosi, 31 Januari 2009. Lori la petroli lilipinduka kwenye barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, watu wakakimbilia kuchota mafuta kwa mitungi na ndoo, moto ukalipuka. Walikufa zaidi ya 100. Wengine hawakutambulika kabisa, wakazikwa pamoja. Na hapo hatukuwa tumemaliza hata kuongea juu ya moto wa supamaketi ya Nakumatt kule Nairobi, wa siku tatu kabla. Hostelini kwetu tulikaa kama ishirini kwenye redio moja, hakuna aliyekohoa.

Kuhusu orodha, niseme tu kwamba kuna orodha mbili za kupanga vyuo: Webometrics huangalia sana tovuti ya chuo, na QS huuliza wasomi na waajiri wanakionaje. Kwa hiyo mnapigania vitu viwili tofauti.

Mliokuwa Njoro mwaka ule, nitumieni maandishi au sauti kabla ya Ijumaa jioni. Picha za miili hapana, nitazifuta. Kuna wenzetu humu waliopoteza ndugu.

Mwenye orodha afungue kikundi chake. Nitajiunga, maana mimi pia nina la kusema kuhusu Maseno.