Miezi ya joto: kwa nini kivuli peke yake hakimtoshi farasi

Joto linapoanza kupanda, swali tunaloulizwa zaidi na wateja ni la kivuli. Je, ule mti mmoja malishoni unatosha? Nijenge banda jingine? Kivuli ni cha lazima, na tutakizungumzia. Lakini farasi wengi wanaoletwa kwetu wakiwa hoi kwa joto hawakuachwa juani. Walifanyishwa kazi. Joto lililowaangusha lilitoka ndani ya miili yao wenyewe.

Misuli ya farasi ikifanya kazi, karibu robo tu ya nguvu inayotumika ndiyo inayomsogeza mbele. Nyingine yote hugeuka joto. Farasi wa kilo 500 ana misuli mingi sana, na eneo la ngozi yake ni dogo ukililinganisha na ukubwa wa mwili wake. Kwa hiyo yeye hupata joto upesi kuliko mtu aliyempanda, na hulitoa polepole kuliko mtu huyo. Wewe ukiwa umekaa juu ya tandiko unaona mambo ni shwari, kumbe aliye chini yako ameshafika mbali.

Njia yake kubwa ya kupoa ni jasho kukauka juu ya ngozi. Jasho linalochuruzika na kudondoka chini halimsaidii sana. Ndiyo maana tunawaambia wateja wasitazame jua tu, watazame na unyevu wa hewa. Siku ya mawingu, hewa nzito, hakuna upepo, majani hayatikisiki: siku hiyo inaweza kuwa mbaya kuliko siku ya jua kali lenye upepo mkavu. Tukikupigia simu asubuhi ya namna hiyo kukuambia mazoezi ya farasi wako yameahirishwa, sababu ni hiyo, hata kama nje hakuna jua la kumchoma mtu.

Kwa sababu hiyo hiyo ratiba yetu ya miezi ya joto inaanza alfajiri. Wateja wengine huomba wapewe saa 11 jioni wakidhani ni sawa na asubuhi. Si sawa. Saa 11 jioni ardhi bado inatoa joto ililolikusanya mchana kutwa, mabati ya banda bado ni ya moto, na farasi mwenyewe ameshinda akihangaika na joto. Kabla jua halijapanda ndipo kila kitu kimepoa, na yeye pia amepoa. Farasi aliyehamishwa kutoka mahali pa baridi tunampa wiki 2 hadi 3 za kazi nyepesi ili mwili wake uzoee. Hapo hatuna njia ya mkato, na hatutaki kuitafuta.

Maji, na kwa nini farasi aliyelowa jasho anaweza kuyakataa

Farasi wa kilo 500 asiye na kazi, katika hali ya hewa ya kawaida, hunywa takriban lita 25 hadi 30 kwa siku. Joto likizidi, kiasi hicho kinaweza kufika maradufu, na akifanya kazi kinapita hapo. Katika kazi ngumu ya kwenye joto anaweza kupoteza lita 10 au zaidi za jasho kwa saa moja. Ndoo moja iliyowekwa asubuhi ikasahauliwa hadi jioni haiwezi kufidia hasara kama hiyo.

Kuna jambo ambalo wengi hawalifahamu. Jasho la binadamu lina chumvi chache kuliko damu, kwa hiyo tukitoka jasho damu hubaki na chumvi nyingi, na ubongo unatuambia tuna kiu. Jasho la farasi lina chumvi nyingi kama damu yake au kuipita. Akitoka jasho, maji na chumvi hutoka pamoja, na ishara ya kiu huchelewa kuja. Unaweza kumkuta farasi amekauka, amesimama mbele ya ndoo iliyojaa, na hana habari nayo. Mwenye farasi akiona hivyo hudhani maji yametosha.

Dawa yake ni chumvi ya kawaida. Farasi wa ukubwa huo anahitaji takriban gramu 25 hadi 30 kwa siku hata asipofanya kazi, na zaidi akitoka jasho. Jiwe la chumvi ya kulamba ni zuri kuwa nalo, ila usilitegemee peke yake: ulimi wa farasi ni laini kuliko wa ng'ombe, na farasi wengi hawalambi kiasi kinachotosha. Sisi huchanganya chumvi kwenye chakula chake kilicholoweshwa maji kidogo. Elektroliti za dukani, yaani mchanganyiko wa chumvi za mwili, zina kazi yake kwa farasi anayetoka jasho jingi, lakini usimpe farasi aliyekauka asiyekunywa. Zinavuta maji kutoka mwilini kuyapeleka tumboni, na hali inakuwa mbaya zaidi.

Tazama pia maji yenyewe. Weka mkono ndani ya birika saa 8 mchana. Kama bomba linapita juu ya ardhi likipigwa na jua, maji yanayotoka mwanzoni yanaweza kuwa ya moto kiasi cha kukufanya utoe mkono. Acha yamwagike kwanza, au funika bomba kwa udongo. Kuta za birika zikiwa na utelezi, sugua kila siku chache. Ukiona utando wa kijani kibichi au wa samawati juu ya maji, yamwage yote, kwani baadhi ya mwani wa aina hiyo una sumu inayoua mifugo.

Ile imani kwamba farasi mwenye joto asipewe maji mpaka apoe, tunaomba iachwe. Akishuka kazini ndipo hamu yake ya kunywa ilipo. Ukimnyima kwa nusu saa, hamu inaweza kuondoka na asinywe cha maana tena. Mpe.

Asipokunywa vya kutosha, mavi ndiyo yatakayokuambia kwanza. Mavi yenye afya ni madonge yenye unyevu yanayopasuka yakianguka. Ukiona madonge madogo, makavu, magumu, yenye utando wa ute, chakula kinaanza kukwama njiani. Msokoto wa tumbo wa namna hiyo tunauona sana katika miezi hii, na mara nyingi ungeweza kuzuiwa siku mbili kabla, kwa ndoo ya pili na chumvi kidogo.

Pima, usikisie

Tunamsihi kila mteja awe na kipimajoto chake. Simama ubavuni, karibu na paja, si nyuma ya miguu. Paka ncha mafuta, inua mkia taratibu, ingiza kikiwa kimeelekea kidogo ukutani mwa utumbo, kisha subiri. Funga uzi kwenye kipimajoto na uubane kwenye singa za mkia kwa kibanio, kisije kikaanguka kwenye matandiko au kikavutwa ndani. Farasi mzima aliyepumzika huwa na nyuzi 37.5 hadi 38.5 za Selsiasi. Hupumua mara 8 hadi 16 kwa dakika. Hesabu kwa kutazama ubavu ukipanda na kushuka, si kwa kuweka mkono puani, maana atakunusa na hesabu itaharibika. Moyo hupiga mara 28 hadi 44. Bonyeza ufizi kwa kidole gumba: panapauka, na rangi inapaswa kurudi ndani ya sekunde 2.

Andika namba za farasi wako akiwa hana shida yoyote, siku tatu mfululizo, asubuhi na alasiri. Siku ya shida hizo ndizo zitakazokufaa, kuliko wastani wowote wa farasi wengine.

Baada ya kazi, joto la mwili kupita 39 si ajabu. Likipita 40 na halishuki haraka baada ya kumwagiwa maji, hiyo ni hatari, na 41 ni dharura. Ishara nyingine za kutuita bila kusubiri: anapumua kwa kasi kuliko moyo unavyopiga, anayumba, ngozi ina moto lakini imekauka, au ubavu unaruka kila moyo unapopiga. Hiyo ya mwisho inawashangaza watu. Inatokana na chumvi za mwili kuvurugika, na kupumzika peke yake hakutoshi.

Wako pia farasi wanaoacha kutoka jasho kabisa, hasa penye joto lenye unyevu. Mwanzoni mwenye farasi hufurahi kwamba wake hachafuki jasho. Kisha anamwona anahema akiwa amesimama tu, na manyoya ya usoni yanaanza kupukutika. Farasi wa namna hiyo hana njia ya kupoa, na msaada wa kweli ni kumpunguzia kazi, kumwagia maji na feni, na ikiwezekana kumhamishia mahali pa baridi.

Maji ya baridi hayamdhuru

Hapa ndipo tunapobishana zaidi na wateja, na tuko tayari kuendelea kubishana. Wazee wengi wa kazi hii walifundishwa kwamba maji ya baridi kwenye misuli yenye moto huikaza au humshtua farasi. Kabla ya Michezo ya Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996, kwa kuogopa joto na unyevu wa huko, watafiti walilipima jambo hili kwa farasi waliofanya kazi ngumu. Maji ya baridi yaliwapoza vizuri, na madhara yaliyohofiwa hayakuonekana.

Mvue tandiko. Mpeleke kivulini penye upepo. Mwagia mwili mzima, shingo, mabega, mgongo, mapaja, tumbo na ndani ya miguu, na usisimame. Kama una mpira wa maji, uache utiririke. Kama una ndoo, wawili wamwage kwa kupokezana. Huna haja ya kumkwangua maji katikati ya kazi, endelea tu kuleta mengine ya baridi. Usimfunike kwa taulo lililolowa ukaliacha hapo: baada ya muda mfupi limepata joto la ngozi na linazuia hewa. Joto linalosomwa kwenye kipimajoto linaweza kuendelea kupanda kidogo hata baada ya farasi kusimama, kwa hiyo usikate tamaa na usiache mapema. Endelea mpaka pumzi zitulie na joto lishuke chini ya 39.

Sasa kivuli. Kinahama, na watu hulisahau hilo. Kivuli cha saa 4 asubuhi si cha saa 8 mchana. Simama malishoni saa 8 utazame nani yuko wapi. Penye mti mmoja na farasi watano, mara nyingi utamkuta mbabe na rafiki yake chini ya mti, na yule mnyonge amesimama juani akiogopa kuumwa. Anahitaji sehemu ya pili, mbali na ile ya kwanza. Banda lenye paa la chini la mabati na mlango mmoja linaweza kuwa la moto kuliko nje. Fungua hewa ipite kutoka upande hadi upande, na feni uziweke pamoja na nyaya zake mahali ambapo meno hayafiki.

Nzi na usubi tuyaguse kwa ufupi. Zoa mavi kila siku, maana humo ndimo nzi wengi wanamozaliwa. Kidonda kidogo kisiachwe wazi, kwa kuwa nzi huacha humo mabuu ya minyoo yanayokizuia kupona msimu mzima. Usubi huuma zaidi kuanzia machweo hadi alfajiri, na ndio wanaoeneza ugonjwa wa farasi wa Afrika, ambao huua farasi wengi wanaoupata; mahali ulipo ugonjwa huo mwingize farasi bandani kabla ya giza, weka wavu wa matundu madogo sana na uwashe feni, kwani usubi hawawezi kuruka kwenye upepo. Farasi wenye pua ya waridi huungua kwa jua, wapakwe mafuta ya kukinga jua.

Safari ya trela ifanyike alfajiri, na trela lisisimamishwe juani likiwa na farasi ndani hata kwa dakika za kununua kitu njiani.

Na robota za nyasi. Nyasi zilizofungwa kabla hazijakauka hujipasha joto zenyewe, na zinaweza kuwaka bila kuguswa na moto. Wiki chache za mwanzo ndizo za hatari. Ingiza mkono katikati ya mrundo. Ukihisi joto, au ukisikia harufu kama ya sukari iliyoungua, tupigie simu au waite zimamoto kabla ya kuzipangua, maana hewa ikiingia ghafla ndipo moto unapolipuka. Ni bora zaidi zihifadhiwe kwenye jengo lililo mbali na wanyama.

Katika miezi hii tunawatembelea wateja kwenye mabanda yao wakati wa mchana mkali, si asubuhi, kwa sababu tunataka kuona banda likiwa katika hali yake mbaya zaidi. Tunapima joto la ndani, tunaangalia maji, kivuli, hewa na nyasi, kisha tunamfundisha saisi wako, yaani mtunza farasi, kupima na kumwagia maji mbele yetu mpaka aweze peke yake. Saisi ndiye atakayekuwepo siku farasi atakapozidiwa, kwa hiyo tunaomba awepo siku ya ziara.

Ukitupigia kwa dharura, tuambie mambo manne: joto la mwili na saa ulipolipima, mara ya mwisho alipokunywa, mara ya mwisho alipotoa mavi, na kazi aliyofanya. Daktari wa mifugo wako mwite papo hapo, usisubiri tufike kwanza. Na yule anayeongea na simu asiwe yule aliyeshika mpira wa maji. Maji yaendelee kumwagwa muda wote mnaotungoja.