Namba Moja ya Upitishaji Joto Haitoshi Kujengea Tanuri

Wenye matanuri wanaotuletea matofali ya kupimwa huja mara nyingi na karatasi ya muuzaji yenye namba moja tu ya upitishaji joto, wakiuliza kwa nini bamba la nje linaunguza mkono ilhali unene wa ukuta ulikokotolewa kwa namba hiyo hiyo. Sisi huuliza kwanza: ilipimwa kwenye nyuzijoto ngapi? Tofali zito la magnesia (oksidi ya magnesiamu) hupitisha joto kwa wingi likiwa baridi, kisha uwezo huo hupungua sana linapokaribia nyuzijoto 1,000 za Selsiasi. Blanketi la kauri huenda kinyume, kwa sababu joto kali hupenya matundu yake kwa mnururisho, hivyo namba iliyopimwa kwenye joto la chumba huwa ndogo mara kadhaa kuliko ile ya kazini.

Kwa tofali la kuzuia joto tunatumia mbinu ya waya moto. Tunachonga mfereji mwembamba kwenye uso wa tofali, tunalaza waya wa platini wenye themokapo (kipimajoto cha nyaya mbili za metali tofauti) iliyochomelewa katikati, tunaujaza mfereji kwa unga wa tofali lilelile, kisha tunalifunika kwa tofali la pili. Unga huo tunausindilia kwa uangalifu mkubwa, maana uwazi mdogo tu wa hewa kando ya waya huharibu kipimo kizima. Tanuri likishatulia kwenye joto lililotakiwa, tunapitisha umeme na kufuatilia waya unavyopata moto: ukipanda polepole, tofali linaliondoa joto upesi. Mpangilio huu unafaa kwa upitishaji joto wa hadi wati 1.5 kwa mita kwa kelvini; zaidi ya hapo themokapo hulazwa pembeni, sambamba na waya.

Wengine huomba kipimo cha leza, ambacho mmweko hupasha upande mmoja wa kisahani cha sampuli na joto hufuatiliwa upande wa pili; mbinu hiyo ya mmweko ilianzishwa Marekani mwaka 1961, mwanzoni kwa taa ya mmweko. Ni cha haraka na kinafaa sana kwa kauri zenye chembe ndogo sana, lakini kisahani chake kina unene wa milimita chache, na chembe moja ya tofali la tanuri yaweza kuwa na ukubwa huo huo. Hapo mtakuwa mmelipia kipimo cha chembe, si cha tofali.

Zege la tanuri lipimwe likiwa limekwisha kuchomwa, kwa kuwa maji yaliyofungika ndani yake hubadilisha matokeo ya uchomaji wa kwanza. Tafadhali leteni matofali mazima ya fungu moja, pamoja na maandishi ya joto la uso wa ndani na gesi iliyomo tanurini. Haidrojeni ikijaa matunduni badala ya hewa, tofali lilelile hupitisha joto zaidi.