Barua kwa Rehema, kabla mtoto hajaja

Moshi,
Mei

Mpendwa Rehema,

Bwana Yesu asifiwe. Natumaini wewe, shemeji na watoto hamjambo huko Mbeya, na kwamba baridi ya huko haijakurudishia kile kifua chako. Sisi huku tu wazima, ila masika yametuchosha. Barabara ya kupanda Machame imekuwa utelezi mtupu, na Jumamosi iliyopita abiria wa daladala tuliteremshwa tuisukume, mimi nikiwa nimevaa joho la kwaya. Kimya changu kimekuwa kirefu kwa sababu nilikuwa nasubiri jibu moja, na bila jibu hilo ningekuandikia salamu tupu. Sasa limekuja.

Maombi yangu ya malezi ya kambo yamekubaliwa. Ni yule binti niliyekudokezea kwenye simu. Shule zikifungwa mwezi Juni atahamia kwangu, na tukishaishi pamoja kwa muda unaotakiwa nitapeleka ombi Mahakama Kuu ili nimuasili. Jina lake silitaji hapa kwa kuwa afisa ustawi wa jamii ametuasa tusilitangaze kabla ya amri ya mahakama. Utalisikia siku utakayomwona. Anakaribia miaka mitatu, anakula maharage moja moja kama mhasibu anayehakiki hesabu, na akiulizwa jambo asilolitaka hugeuza uso na kuanza kuimba.

Sasa nije kwenye lililonikalisha mezani usiku huu. Afisa ameniuliza ni nani atakayemlea mtoto huyu endapo nitafariki kabla hajaweza kujitegemea. Mwenye mume akiulizwa hivyo humtazama mumewe na mazungumzo yakaendelea. Mimi nilitazama kalenda ya ukutani. Kisha nikaandika jina lako, kwa penseli, kwa sababu sikuona haki kukuandika kwa wino kabla sijakuuliza. Naomba ufikirie pamoja na shemeji, bila haraka na bila kunionea haya. Kwa nini nimekuandika wewe nikawaacha ndugu zangu wa damu, nitakueleza, lakini kwanza acha nikusimulie yaliyotokea nyumbani.

Mama alizipokea habari akiwa anamenya ndizi za mtori, na hakuacha kumenya. Alipofika kwenye ndizi ya mwisho akauliza tangu lini watu wa kwetu wakahitaji jaji ili kulea mtoto. Swali lake lina uzito, maana yeye mwenyewe aliwalea watoto wa marehemu mjomba. Walikula, walisoma, wakaoa na kuolewa, na hakuna aliyeandika hata mstari mmoja. Nilimjibu kwamba watoto wale walikuwa na ukoo, na yeyote aliyeuliza ni wa nani alijibiwa na kijiji kizima. Huyu hakuna ndugu yake hata mmoja anayejulikana. Bila amri ya mahakama, siku nikifa, mwenye moyo mwema hataweza kuthibitisha kwamba ni wangu, na mwenye moyo mbaya atamtoa nje kabla matanga hayajaisha. Amri ikitolewa, ataingizwa katika daftari la watoto walioasiliwa ambalo liko chini ya RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, atakuwa na cheti chenye jina langu, na kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 atarithi mali yangu kama vile nimemzaa mwenyewe. Mama alinyamaza, akasema chumvi imeisha.

Kaka yangu mkubwa naye aliuliza, kwa ile sauti ya upole mno anayoitumia kila mnapozungumzia mipaka ya shamba, kama mtoto huyo atahesabiwa kihambani, kwenye shamba letu la ukoo. Nikamjibu kwamba mimi mwenyewe sijawahi kuhesabiwa kihambani, kwa hiyo atarithi kutohesabiwa kwangu pamoja na kile kiwanja nilichokinunua mjini kwa mshahara wa ualimu. Alicheka, lakini nadhani usiku ule alilala vizuri zaidi. Simchukii, ila unaona kwa nini sikuweza kuandika jina lake mahali pa jina lako.

Aliyemlainisha Mama hakuwa jaji wala mchungaji. Unazijua taratibu zetu za majina, kwamba binti wa kwanza hupewa jina la bibi wa upande wa baba, na wa upande wa mama husubiri wa pili. Siku moja Mama alikaa akafikiri, akagundua kwamba kwa huyu upande wa baba haupo, hivyo zamu imemrukia yeye. Tangu hapo anaulizia afya ya mtoto kila anapopiga simu. Jina alilokuja nalo sitalibadilisha, kwa kuwa ndilo pekee alilo nalo lililo lake, lakini la bibi yake litafuata nyuma yake siku ya ubatizo.

Kuhusu sheria, nikuchekeshe kidogo. Mwombaji anatakiwa awe na angalau miaka 25 na amzidi mtoto kwa miaka 21, na hayo yote nimeyapita nikiwa natembea. Mwanamume aliye peke yake ndiye anayewekewa kizuizi kikubwa. Mwanamke asiye na mume hakukatazwa. Nilipolisoma hilo nilitabasamu peke yangu ofisini, kwani kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilijaza fomu ambayo kutokuwa na mume hakukuifanya ionekane pungufu. Faili lilipotea katika ofisi moja na likaonekana katika nyingine, lakini hayo yamekwisha na sina nguvu ya kuyarudia.

Kinachonisumbua ni kanisa, nami nalisema hili kama mtu anayelipenda. Dada zangu wa kikundi cha maombi wamekuwa wakiniombea mume kwa bidii ya kutisha, na waliposikia habari za mtoto, baadhi walidhani nimemkatia Mungu tamaa. Mmoja aliniuliza kwa faragha kama sioni kwamba mtoto atawafukuza wachumba. Hao niliwaweza. Walionishinda ni wale waliofurahi kupita kiasi. Mama mmoja alisimama kwenye jumuiya akamshukuru Mungu kwa ajili ya sadaka kubwa ya dada yetu, na wote wakaitikia amina. Na sasa nimeombwa nitoe ushuhuda siku ya mavuno, nikiwa nimesimama na mtoto mbele ya usharika. Nimekataa. Mtoto anayeletwa kanisani siku ya mavuno pamoja na ndizi, kahawa na jogoo atajifunza mapema kwamba yeye ni kitu kilichotolewa, na mimi ni mtoaji.

Hapo ndipo ninapokukumbuka wewe. Unakumbuka ule usiku bwenini, ilipofika barua kutoka kwa ndugu zako baada ya matokeo ya mtihani kutoka? Haikutoka kwa shangazi yako aliyekulea, ambaye mpaka anatuacha sikuwahi kumsikia akikusimanga. Ilitoka kwa wale wengine, waliokukumbusha yote uliyofanyiwa tangu ulipofiwa, kana kwamba walikuwa wanayaandika daftarini. Uliikunja, ukaniambia: wenzangu nyumbani kwao wanakula, mimi nalishwa. Tulikuwa wasichana, nami sikujua la kukujibu, nikakupa nusu ya andazi langu. Tangu nilipoanza kwenda kumtembelea huyu mtoto kwenye makao ya watoto, sentensi yako hainitoki. Kila mtu ninayezungumza naye huzungumza nami kama mtoaji: mchungaji, afisa, walimu wenzangu, hata Mama. Katika watu wote ninaowajua, wewe peke yako uliwahi kuketi upande ule wa meza, tena ukilelewa na mwanamke ambaye hakuolewa. Ndiyo maana jina lako liko kwenye fomu.

Usidhani nimeitwa kwa ndoto au kwa sauti usiku. Nilitaka mtoto, Rehema. Nimetaka kwa miaka mingi, na kwa muda nilijiuliza kama kutaka huko kunaharibu tendo lenyewe, kama kwamba jambo la imani linapaswa kufanywa bila hamu. Mchungaji alinipa Yakobo 1:27, kuhusu yatima na wajane katika dhiki yao, nami naliheshimu andiko hilo, lakini kila nikilisoma linanirudisha kwenye sadaka. Lililonisaidia ni kitabu cha Esta. Mordekai alimlea yule binti wa jamaa yake aliyekuwa hana baba wala mama, akamfanya kuwa binti yake, na Maandiko hayamtaji mke wa Mordekai hata mara moja. Binti Farao naye alimtoa Musa majini, na mume wake, kama alikuwa naye, hakuna aliyejisumbua kumwandika. Sisemi kwamba hawakuwa na wenzi. Nasema kwamba aliyeandika hakuona haja ya kuuliza, tofauti kabisa na mama zetu wa kikundi cha maombi.

Halafu kuna Warumi 8, ambayo tuliikariri kwa ajili ya kipaimara bila kuielewa. Paulo anasema tulipokea roho ya kufanywa wana, na mara tu baada ya hapo anasema kwamba tukiwa watoto basi tu warithi. Kutoka kufanywa mwana anakwenda moja kwa moja kwenye urithi, wala hapiti kwanza kwenye deni. Nilimsomea kaka yangu sehemu hiyo siku ya Pasaka, akasema Paulo hakuwa na kihamba.

Hata hivyo naogopa, kwa sababu najijua. Nikichoka nina maneno makali, na najua siku itafika, labda akiwa na miaka kumi na minne na amenifungia mlango kwa kishindo, ambapo maneno kama yale ya barua ya ndugu zako yatanijia mdomoni. Wewe ndiye nitakayempigia simu kabla sijayatamka, hata kama ni saa nane ya usiku na shemeji akanuna.

Maisha ya kila siku hayana maandiko mengi. Natakiwa niwe shuleni kabla ya saa moja asubuhi, kwa hiyo nimetafuta dada wa kunisaidia, mtu mzima, mtulivu, ambaye masharti yake ya kwanza yalikuwa televisheni na Jumapili yake ya mapumziko. Nimempa vyote. Fundi seremala aliyeahidi kitanda kidogo kabla ya Pasaka bado anasubiri mbao zikauke, na kwa mvua hizi zitakauka Agosti. Mtoto atalala na mimi, jambo ambalo mlezi wa makao anasema huenda ni heri, kwa kuwa anaogopa giza. Nimenunua neti, nimeweka kitasa kwenye kabati la dawa, na nimejifunza kupika uji wa lishe usio na mabonge. Bajeti nimeipanga upya, na mimi ninayefundisha hesabu nimegundua kwamba kutoa kunaweza kuendelea hata baada ya kufika sifuri.

Sasa nijibu maswali yangu, na uyajibu yote, usichague mepesi. Shangazi yako ulimwita nani ulipokuwa mdogo, na ni yeye aliyekuchagulia jina hilo au ulilichagua mwenyewe? Ulijua lini kwamba hakukuzaa, na ungependa ungejua mapema zaidi? Mimi nataka huyu akue akijua tangu mwanzo, lakini Mama anasema nitampa mtoto mzigo kabla hajaota magego, unaonaje? Watu walipomsifu shangazi mbele yako, ungependa angewajibu nini? Kuna jambo alilolifanya ambalo mpaka leo unalifanya kwa wanao? Je, alipokuwa amechoka sana ulimwogopa? Shemeji atasema nini kuhusu fomu, kweli, usinipambie? Na utakuja lini? Ubatizo nautaka mwezi wa Agosti, na nataka uwe msimamizi wake mmojawapo. Mchungaji amekubali Mmoraviani kama wewe, baada ya kuniuliza mara mbili kama hakuna Mlutheri aliyebaki Mbeya.

Kuhusu fomu naomba jibu lako kabla mwezi haujaisha, kwa maandishi, kwa kuwa afisa anataka kuliambatanisha kwenye faili. Ukikubali, andika na namba ya kitambulisho chako cha taifa. Ukiona ni mzigo mkubwa, niambie wazi; nitalifuta jina, na wewe utabaki kuwa yule yule kwangu, na Agosti bado nakusubiri.

Nisalimie shemeji na watoto wote, hasa huyo wa mwisho anayekataa viatu. Mama anakusalimu sana, anauliza kama bado unaimba sauti ya pili.

Wako katika Kristo,
Aikaeli

N.B. Akipatikana mtu wa kuaminika anayekuja huku, nitumie mchele wa Kyela, kilo chache tu. Ule wanaoniuzia sokoni wanauita wa Kyela, lakini ukipika unajieleza wenyewe ulikotoka.