Kitanda namba 7

Mpendwa Rehema,

Mpe mama shikamoo yangu, na pole ya magoti. Nimechelewa kukujibu kwa sababu ya kitanda namba 7.

Alilazwa mzee mmoja, sukari imepanda, mguu una kidonda. Faili likaandikwa sukari na kidonda, nasi wote tukashughulika na hivyo tu. Kukohoa alikuwa anakohoa, usiku hasa, mpaka jirani yake wa namba 8 akawa anaamka kumpa maji. Daktari akasema nimonia, akaandika sindano. Kikohozi kikapoa siku mbili, tukafurahi, kikarudi. Siku ya 12 mwanafunzi wetu, hata leseni hana, akamuuliza mkewe, "Bibi, kikohozi kilianza lini?" Akajibiwa, "Tangu kabla ya mfungo." Na yule bibi alikuwa akija kila asubuhi na chupa ya uji, sisi tunamsalimia na kupita!

Makohozi yalikwenda maabara asubuhi. Adhuhuri haijafika, majibu haya hapa: TB. GeneXpert, mashine ya kupima TB, haichukui hata saa 2. Enzi za darubini tulikuwa na la kujitetea, maana isipokuwa vimelea vimefika maelfu kwenye mililita moja, huvioni. Leo mashine iko ng'ambo ya uwanja, tukashindwa kuuliza. Kwamba mwenye sukari hupata TB kwa urahisi mara 2 hadi 3 kuliko mwingine, niliijibu kwenye mtihani nikapewa alama zote.

Unajua wenzetu wanavyomkwepa mgonjwa wa kliniki ya TB, ambaye ameshaanza dawa. Mimi sasa namhofia anayekohoa huku faili lake linasema kitu kingine. Kule Tugela Ferry, Afrika Kusini, 2005 na 2006, walipatikana wagonjwa 53 wa TB sugu kupindukia, wakafa 52, na wengi wao walikuwa wamelazwa hospitali si muda mrefu kabla.

Mzee ameanza dawa za miezi 6, katengwa. Picha yangu ya kifua ni safi, ila nitarudia. Usiku nafungua madirisha yote ya wodi. Baridi imeingia, wagonjwa wamenuna, na mimi nimenuna zaidi.

Yule wa namba 8 aliruhusiwa siku moja kabla ya majibu. Simu haipatikani. Mhudumu wa afya wa kijijini kwao ameenda mara mbili, akaambiwa yuko shamba, ng'ambo ya mto. Jumatatu anarudi tena.

Wako,
Zawadi