Mwanangu, haya yasikie kwangu

Wete, Pemba

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Nimeambiwa yamekufikia maneno huko Unguja kuwa babaako anapepesuka njiani kama mlevi. Kupepesuka ni kweli, ni kizunguzungu. Ulevi, wallahi, si kweli.

Ilianza msimu uliopita wa karafuu. Nilikuwa juu ya mkarafuu ule wa kisimani, pakacha linakaribia kujaa, mara shamba zima likazunguka. Nikakumbatia tawi, nikafumba macho, mpaka ami yako akapanda akanishusha kwa kamba. Sijapanda tena. Msikitini nako, nikiinuka kwenye sijda safu inakwenda mrama, kwa hiyo sasa naswali juu ya kiti, nyuma. Hilo limeniuma kuliko karafuu.

Nimepimwa damu, presha, sukari, hata picha ya kichwa, hakijaonekana kitu. Daktari wa masikio alinieleza kuwa mtu husimama sawa kwa msaada wa macho, nyayo na viungo, na sikio la ndani, ambalo lina maji yanayocheza kila kichwa kikigeuka. Alinilaza ghafla huku amenigeuza kichwa, atazame kama vijiwe vidogo vya sikioni vimehama, maana vikihama huleta kizunguzungu. Havikuhama. Ugonjwa wa Ménière, ule wa sikio la ndani unaoleta kizunguzungu, uziwi na kuvuma masikioni, nao hakuutaja kwa yakini, maana masikio yangu yanasikia vizuri wala hayavumi. Jina hana. Nilimshukuru kwa kutonibunia.

Akaniambia nijaribu chakula: nipunguze chumvi, maana chumvi hushikilia maji mwilini, nipunguze na kahawa, wala nisikae na njaa. Chumvi ya siku nzima isifike kijiko kimoja cha chai. Mwanangu, kumbe tulikuwa tunaila bila kuiona! Papa mkavu, ng'onda, achari, vidonge vya mchuzi, hata boflo la asubuhi. Mamaako ananipikia chungu changu mbali, samaki mbichi kwa ndimu, tangawizi na bizari, na tui zito. Wiki ya kwanza nilikula kwa kujilazimisha. Barazani nakaa na wenzangu kikombe kikipita, mimi nina maji.

Kila siku naandika kwenye daftari: nimekula nini, nimelala vipi, kizunguzungu kimekuja au hakikuja. Miezi mitatu sasa. Kizunguzungu kimepungua, lakini kimenishika pia siku ambazo sikugusa chumvi, hasa nikiwa sikulala. Sithubutu kukwambia nimepona. Ramadhani nilikula siku sita, nitazilipa insha Allah.

Papa uliyemtuma tumewapa jirani, usivunjike moyo. Mwezi ujao narudi kwa daktari, huko kwako Unguja, na daftari langu. Boti ikifunga gati njoo mpaka kwenye ngazi unishike mkono, na tutoke bandarini hivyo hivyo, mbele ya watu.

Babaako