Watu wa Tanga hawaogopi mabadiliko, ila hawaambiwi

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako miaka mingi bila kuandika hata mstari mmoja, na ningeendelea kunyamaza kama si ile habari yenu ya semina ya wafanyabiashara iliyofanyika hotelini hapa Tanga. Bila shaka unaikumbuka. Mtaalamu wa uhusiano wa umma aliwafundisha wakurugenzi namna ya kulinda taswira ya kampuni wakati wa mabadiliko, na mwandishi wenu akamnukuu akisema kuwa watu wa pwani ni wazito kupokea mambo mapya, kwa hiyo kampuni zijiandae kukabili upinzani. Habari ikaishia hapo. Hakuna mtu wa pwani aliyeulizwa.

Mji huu umepita kwenye mabadiliko kuliko miji mingi ya nchi hii. Mkonge uliletwa na Richard Hindorf mwaka 1893, na miaka ya sitini nchi yetu ilikuwa ikizalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka na kuongoza duniani, kiasi kikubwa kikitoka mkoa huu. Yakataifishwa mashamba mwaka 1967, zikaja kamba za nailoni, bei ikaporomoka, makambi yakabaki mapori. Watu wakageukia machungwa, uvuvi na biashara ndogondogo. Bandarini, juzi juzi tu meli kubwa zilikuwa zikitia nanga mbali na mzigo ukishushwa kwenye matishari. Leo kina cha gatini kimechimbwa kutoka mita 3 hadi 13 na meli inakuja yenyewe kufunga gati. Hao ndio watu wanaoambiwa ni wazito?

Mimi nilikuwa karani wa mishahara kwenye shamba la mkonge, na baada ya hapo nikawa mama lishe. Nilipika kwenye geti la kampuni moja ya hapa mjini. Jina silitaji. Vijana walikula kwa daftari na kulipa mwisho wa mwezi, na sikumbuki aliyenidhulumu. Ikaanza minong'ono kwamba kampuni inauzwa. Madereva wakamuuliza msimamizi wao, akawajibu kuwa ni uvumi, wachape kazi. Wakachapa kazi.

Asubuhi moja nilifika na wali, maharage na changu wa kukaanga nikakuta geti limefungwa na walinzi wapya, sare zao sizijui. Kwenye ukuta kulikuwa na karatasi, gundi haijakauka, pembe moja imejikunja. Juu ina nembo mpya, chini imeandikwa "Uongozi", hakuna jina la mtu. Na yote ni Kiingereza. Wanaume wazima walikuwa wanaipiga picha kwa simu wawatumie watoto wao nyumbani wawasomee. Fundi mmoja wa karakana, mtu mzima mwenye wajukuu, akanishika mkono akasema, "Mama, wewe ulikuwa karani. Nisomee. Mimi nimo au simo?" Nikasoma kuanzia juu. Ilisema kampuni inaanza safari mpya. Ilisema muundo unapangwa upya ili kuongeza tija. Iliwashukuru kwa kuwa sehemu ya familia. Nikasoma tena, pengine nimeruka mstari. Haikusema nani yumo na nani hayumo. Iliwataka wasubiri ujumbe wa simu. Basi wakasubiri pale pale, juani. Simu ya mmoja ikalia, akaisoma, akaokota baiskeli yake akaondoka bila kuaga. Ikalia ya mwingine. Yule fundi alikaa kwenye benchi langu mpaka alasiri ameishika simu yake mkononi, na chakula hakukigusa. Ujumbe wake ulikuja usiku. Hakuwemo. Na siku ya pili yake, Mhariri, gazeti lako lilitoka na picha ya mabosi wawili wanapeana mikono, na chini yake maneno kwamba wafanyakazi wameyapokea mabadiliko kwa furaha. Kwa furaha! Nani alikwenda kuwauliza? Mwandishi wako angetembea dakika chache tu kutoka kwenye ile hoteli angemkuta yule mzee kwenye benchi.

Daftari langu ninalo mpaka leo, limejaa majina ya watu ambao siwezi kuwadai maana najua hawana. Nilipopiga simu ofisini kuuliza kama wageni wapya watahitaji chakula, dada aliyepokea aliniambia suala langu halimo kwenye mpango wa mawasiliano. Kumbe mpango ulikuwepo. Ulikuwa na wateja wakubwa, mabenki na waandishi wa habari ndani yake. Waliojenga kampuni kwa mikono yao na waliowalisha hawakuwekwa.

Wala hili si suala la hisani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri atoe taarifa ya kusudio la kupunguza wafanyakazi mara tu anapoanza kulifikiria, atoe habari zote zinazohusika, na ashauriane nao kuhusu sababu, namna ya kuepuka au kupunguza makali, vigezo vya kuwachagua watakaoondoka, wakati na malipo yao. Mara tu anapoanza kulifikiria. Si baada ya kusaini na kupigwa picha. Kwa hiyo aliyesema "ni uvumi" alikuwa anawanyima watu haki ambayo Bunge limewapa. Sijui kama hilo lilifundishwa kwenye semina. Kwenye habari yenu halimo.

Kilichomo ni kisa cha Tylenol, dawa ya maumivu ya Marekani, ambacho mtaalamu alikitoa kama mfano wa kampuni iliyookoa jina lake. Ni mfano mzuri, ila ameushika kwa mkiani. Mwaka 1982 watu saba walikufa huko Chicago na vitongoji vyake baada ya kumeza vidonge ambavyo mtu alivitia sumu ya sianidi. Johnson & Johnson iliyovitengeneza vidonge hivyo iliwatangazia wananchi waache kuvitumia, ikafungua laini ya simu ya bure, ikaondoa madukani chupa zipatazo milioni 31 kwa hasara ya zaidi ya dola milioni 100. Jina lilipona kwa sababu walioambiwa kwanza ni wale waliokuwa hatarini, na waliambiwa jambo la kuwasaidia: usimeze. Taswira ilifuata nyuma. Huku kwetu watu wanaanza na taswira, aliye hatarini anasoma ukutani.

Na nyinyi wa magazeti mna sehemu yenu, Mhariri. Taarifa ya kampuni ikiletwa imechapwa vizuri na picha yake, mnaitoa ilivyo, hata makosa yake hamsahihishi. Kampuni ikitoa madawati, ikishika hundi ya mfano kubwa kama mlango, mnaiweka ukurasa wa mbele. Ikifukuza watu hamna nafasi. Gari la matangazo linazunguka Ngamiani nzima na spika kututangazia punguzo la bei ya magodoro, mpaka Barabara ya Ishirini tunasikia. Sijawahi kulisikia likitangaza kuwa kampuni fulani inabadilisha mikono na walioidai wapeleke stakabadhi zao mahali fulani. Kumbe spika zipo na mafuta ya gari yapo.

Ninachopendekeza hakihitaji semina. Kampuni yoyote ya Tanga inayotaka kuuzwa, kuhama, kuungana au kuleta mashine, iandike karatasi moja kwa Kiswahili. Iseme nini kinabadilika, lini, nani anaguswa na kila mmoja atalipwa nini. Isainiwe na mtu mwenye jina na cheo. Kisha mtu huyo huyo, si ofisa uhusiano, si wakili, aje getini aisome kwa mdomo wake zamu ya asubuhi inapotoka na zamu ya mchana inapoingia, akiwa amesimama walikosimama wenzake, bila turubai. Ajibu maswali mpaka yaishe, na lile asilolijua aseme siku atakayorudi na jibu. Waitwe na wapishi, waitwe na bodaboda, aitwe na mwenye duka la ng'ambo ya barabara. Waandishi waje mwisho.

Nanyi mkiletewa tena taarifa inayosema wafanyakazi wamefurahi, msiichape mpaka mmepata wafanyakazi watatu wenye majina yao waliosema hivyo. Mkikosa watatu, chapeni kwamba mmewakosa.

Mama lishe,
Ngamiani, Tanga